Vitabu na Vyombo vya Mwanafunzi wa Upanga wa Kijapani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu, tafadhali hakikisha kila mtu anayo karatasi ya somo mbele yake, na kalamu ya risasi iliyochongwa. Tutasoma polepole. Neno likikushinda, lipigie mstari chini, uliulize baadaye.

Somo la leo limetokana na barua. Mama mmoja, aliyeanza kusoma na kuandika juzijuzi tu, na barua yenyewe ameiandika kwa mkono wake, ana mtoto wa kiume anayesoma chuo kikuu katika nchi ya Japani. Mtoto amemwarifu kwamba amejiunga na chama cha wanafunzi wanaojifunza kupigana kwa upanga, na ya kuwa anahitaji fedha za kununua upanga, mavazi na vitabu. Mama anauliza mambo mawili. La kwanza: mwanangu hatatolewa jicho? La pili: fedha hizo ni za haki, au ananichezea? Mama, maswali yako ni mazuri, na yanataka majibu ya kweli.

Yako mafunzo ya upanga ya namna nyingi huko Japani, lakini mawili ndiyo yanayojulikana zaidi. La kwanza huitwa kendo. Ken maana yake ni upanga, na do maana yake ni njia. Katika kendo watu wawili husimama uso kwa uso, wamevaa deraya, nao hupigana kwa panga za mianzi. La pili ni iaido. Hapo mtu yu peke yake. Huchomoa upanga alani, hukata hewa, huukung'uta kana kwamba una damu, kisha huurudisha alani polepole. Adui wake yumo katika fikira tu. Wale wa Lamu na Unguja wanaoujua mchezo wa kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, watafahamu upesi kwamba katika mambo haya miguu hufanya kazi kuliko mikono.

Kwa nini mianzi? Zamani wapiganaji wa Japani, yaani samurai, walijifunza kwa panga za mbao. Mbao ya mwaloni huvunja mfupa. Kwa hiyo walimu waliwafundisha watu kwa mapigo yaliyopangwa tangu mwanzo, wewe ukipiga hivi mimi nakinga hivi, na pigo likasimama kabla ya kugusa mwili. Katika karne ya 16 mwalimu mmoja mashuhuri, Kamiizumi Nobutsuna, alitumia mianzi iliyopasuliwa na kutiwa ndani ya mfuko wa ngozi. Mwanzoni mwa karne ya 18, Naganuma Shirozaemon wa shule ya Jikishinkage alitengeneza vizuri zaidi mavazi ya kukinga kichwa na mikono. Baadaye kidogo, katika miaka ya 1750 na 1760, Nakanishi Chuzo wa shule ya Itto akayaeneza mazoezi hayo. Tangu hapo mtu aliweza kumpiga mwenziwe kwa nguvu zake zote, na jioni wakala sahani moja.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku kutembea na panga hadharani. Mwaka 1945 Japani iliposhindwa vita, waliokuja kuitawala kwa muda walikataza kendo mashuleni, maana waliiona kuwa ni mafunzo ya askari. Wapenzi wa mchezo huo wakaurudisha kwa hila ya adabu: mwaka 1950 walianzisha mchezo wenye vyombo vyepesi, uliofanana na michezo ya Ulaya. Mwaka 1952 likaundwa Shirikisho la Kendo la Japani Nzima, na mwaka 1970 likaundwa shirikisho la dunia. Tangu mwaka 2012 watoto wote wa shule za kati huko hufundishwa mchezo mmojawapo wa jadi wa namna hii. Wengi hupewa judo, na wengine kendo. Basi mtoto wa Mama hakujiunga na genge.

Sasa tushike vyombo vyenyewe.

Upanga wa mianzi huitwa shinai. Ni vipande vinne vya mwanzi vilivyochongwa, vikaunganishwa vikawa kama fimbo moja yenye uwazi katikati. Nchani pana kofia ndogo ya ngozi, na mpini nao umevikwa soksi ya ngozi. Kamba moja hutoka kwenye kofia ile hadi kwenye mpini. Kamba hiyo si pambo. Upande wenye kamba ni mgongo wa upanga, na upande unaoukabili ndio makali. Mwanafunzi akipiga huku kamba iko chini, amepiga kwa mgongo, wala hahesabiwi kitu. Kiasi cha robo ya urefu kutoka nchani, pana ukanda mwembamba wa ngozi uliofungwa kukaza vile vipande vinne. Pigo la haki hutua kati ya ukanda huo na ncha.

Shinai huuzwa kwa namba. Mtu mzima hununua namba 39. Wengi hudhani 39 ni inchi, na fundi asiyejua huweza kukuambia hivyo. Sivyo. Wajapani walikuwa na kipimo chao cha kale kiitwacho shaku, ambacho ni sentimita 30.3. Shaku moja ina suni kumi, na kila suni ni sentimita 3.03. Namba 39 maana yake ni shaku 3 na suni 9. Tufanye hesabu pamoja, andikeni:

Shaku 3 mara 30.3 ni 90.9.
Suni 9 mara 3.03 ni 27.27.
Jumla ni sentimita 118.17.

Kanuni za mashindano husema shinai ya mtu mzima isizidi sentimita 120. Kwa hiyo namba 39 imo ndani ya kanuni, na nafasi kidogo imebaki. Uzito nao una kanuni yake: shinai ya mwanamume isipungue gramu 510, na ya mwanamke isipungue gramu 440. Mbona wanakataza wepesi, si uzito? Kwa sababu mwenye shinai nyepesi huizungusha upesi kuliko mwenziwe, na zaidi ya hayo shinai iliyochongwa ikawa nyembamba huvunjika.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la kwanza la Mama, na ningependa darasa likae kimya kidogo.

Hatari ya kendo si pigo lenyewe. Hatari ni kibanzi. Mwanzi ukikauka hupasuka pembeni, na kibanzi kirefu hujitenga kama mwiba wa nungu. Barakoa ya kendo ina vyuma vilivyopangwa kwa nafasi, maana ni lazima mtu aone. Shinai iliyovunjika yaweza kupitisha kibanzi katikati ya vyuma hivyo, na nyuma yake kuna jicho. Kadhalika ile kofia ndogo ya nchani ikitoboka, au kamba ikilegea, kipande kimoja cha mwanzi huweza kuchomoka na kupita peke yake.

Kinga yake haina gharama. Kabla ya kila zoezi, mwanafunzi huizungusha shinai yake mbele ya macho na kuzitazama pande zote nne. Huibana kidogo ili mipasuko iliyojificha ifunguke. Huigusa kofia ya nchani. Huivuta kamba. Akiona kibanzi kidogo, huifungua shinai, hukwangua pale penye kibanzi, hupiga msasa na kupaka mafuta kidogo. Akiona ufa, kipande hicho hutupwa. Kufunga ufa kwa utepe wa gundi ni haramu katika kila darasa linalojiheshimu, kwa sababu utepe huuficha ugonjwa bila kuuponya. Na wewe ukimwona mwenzako ana shinai mbovu, unayo haki ya kukataa kupigana naye, maana jicho litakalotoboka si lake, ni lako. Mama, mwulize mwanao katika barua yako ijayo kama huikagua shinai yake kila siku. Akikujibu kwa kueleza jinsi anavyofanya, lala usingizi. Akikujibu kwamba mwalimu ndiye anayejua, mwandikie tena.

Deraya yote kwa jumla huitwa bogu, nayo ina sehemu nne. Kichwani ni meni, yaani ile barakoa ya vyuma pamoja na mabawa mawili ya kitambaa kizito yanayofunika mabega, na kipande cha kukinga koo. Mikononi ni kote. Kifuani na tumboni ni do. Kiunoni ni tare, yenye mapindo ya kuning'inia.

Tuchukue meni kwanza. Vyuma vya mbele havina nafasi sawa. Hesabu kutoka juu: kati ya chuma cha 6 na cha 7 nafasi ni kubwa kidogo kuliko nyingine. Hapo ndipo macho yanapotazamia. Mtu akinunua meni isiyo ya kipimo chake, macho yake huangukia juu au chini ya nafasi hiyo, naye hupigana akiwa ameinamisha kichwa kama anayetafuta sarafu. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, mwanafunzi hujipima kwa utepe wa fundi cherehani: kuzunguka kichwa juu ya nyusi, na tena kuzunguka uso kupitia kidevuni. Chini ya meni hufungwa kitambaa cha pamba kiitwacho tenugui, kinachozuia jasho lisiingie machoni. Ni cha bei ndogo. Anunue viwili, kimoja kifuliwe.

Kote huchakaa mapema kuliko vyote, na huchakaa kiganjani. Kiganja chake ni cha ngozi laini, kwa desturi ya kulungu, na ngozi hiyo huweza kubandikwa upya na fundi kama unavyobandikwa upya mkeka uliotoboka. Anayenunua kote iliyokwisha tumika aingize mkono na kukunja ngumi, kisha atazame kiganja, halafu ainuse. Msicheke. Kote iliyofungiwa ikiwa mbichi kwa jasho huota ukungu, na harufu hiyo haitoki.

Do za zamani zilitengenezwa kwa vijiti vya mianzi vilivyofunikwa ngozi na kupakwa rangi ing'aayo. Zipo mpaka leo, ni nzuri, ni ghali. Za plastiki hukinga tumbo vya kutosha, na kwa mwanafunzi mpya sioni sababu ya kutoa fedha zaidi. Kuhusu vitambaa vya kinga, wauzaji hutangaza sana ukaribu wa mishono, na kama imeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Mishono ya karibu hukifanya kitambaa kuwa chembamba na chepesi, lakini wembamba huo nao hupunguza mto wa kupokea pigo. Yanayofaa kwa bingwa hayamfai anayeanza, ambaye hupigwa mara nyingi kuliko anavyopiga.

Mbele ya tare, pindo la katikati huvikwa mfuko mdogo wa kitambaa ulioandikwa jina la mwenyewe na la chama chake. Herufi hushuka kutoka juu kwenda chini. Kwa wageni, mara nyingi huongezwa na herufi zetu hizi tunazojifunza. Mwamuzi husoma hapo, na mpinzani husoma hapo. Nalipenda jambo hili: jina lako unalivaa mbele ya tumbo lako, na yeyote anayekushinda analijua.

Mavazi ni koti la pamba nzito na vazi pana la chini liitwalo hakama, lenye marinda matano mbele. Rangi yake ya kawaida ni nili. Nili ya kweli hutoka sana, hupaka mikono, shingo na hata masikio. Vazi jipya huloweshwa katika maji baridi, na wengi hutia siki kidogo. Kisha hufuliwa peke yake na kuanikwa kivulini. Litiwe katika beseni moja na kanzu nyeupe, na Ijumaa mtakwenda msikitini mmevaa buluu.

Upanga wa mbao huitwa bokuto. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 102, na hutumika kwa mafunzo ya mapigo yaliyopangwa, ambayo katika kendo ni kumi na yaliwekwa mwaka 1912. Mji wa Miyakonojo, katika mkoa wa Miyazaki kusini mwa Japani, ndio unaojulikana kwa kazi hii ya mbao. Hutumia mwaloni mwekundu au mweupe. Wale mliozoea kuchagua mpini wa jembe mnajua cha kutazama: nyuzi za mti zifuate urefu wote wa upanga, zisikatize kwenda pembeni. Penye nyuzi zilizokatiza ndipo patakapovunjika.

Kwa iaido hutumika upanga unaofanana na ule wa kweli, lakini hauna makali. Huitwa iaito. Huko Japani bapa lake hutengenezwa kwa mchanganyiko wa madini kama zinki na alumini, si kwa chuma, kwa sababu ya sheria ya silaha ya mwaka 1958. Upanga wa feleji wenye makali ni lazima uwe na hati ya kuandikishwa, na wahunzi wenye ruhusa tu ndio wanaoufua. Iaito si ya kugonganisha, ni ya kukata hewa tu, maana madini hayo huvunjika yakigongwa. Urefu wake huchaguliwa kwa kimo cha mtu, na wauzaji wa haki wana jedwali la kusomea hilo.

Bapa la upanga wa Kijapani hushikwa ndani ya mpini kwa kijiti kimoja cha mwanzi, chembamba kuliko kidole chako kidogo. Kijiti hicho kikisinyaa au kikiliwa, bapa huruka kutoka mpinini mtu anapopiga, na wenzake wamesimama mbele yake. Kwa hiyo mwenye iaito hukikagua kila siku, kama mwenye shinai akaguavyo vibanzi. Kwa sababu hiyo hiyo, msinunue kamwe panga za kutundika ukutani kwa ajili ya mazoezi. Hung'aa kuliko za kweli, lakini nyingi kati ya hizo sehemu ya chuma iliyoingia mpinini ni ufito mwembamba uliounganishwa kwa moto. Mwanafunzi mpya wa iaido aanze kwa bokuto yenye ala ya plastiki. Haina fahari, na haimkati mtu.

Basi Mama, jibu la swali lako la pili ni hili. Mwanao akiomba fedha za shinai moja au mbili, bokuto, na koti na hakama, ombi ni la haki. Akiomba bogu baada ya miezi kadhaa, ombi ni la haki pia, ingawa ni kubwa. Kwanza aulize kama chama chake kina bogu za kuazimisha, kama vyama vingi vya vyuo vilivyo nazo. Akiomba bogu mwezi wa kwanza, anataka tandiko kabla ya kupata punda. Akiomba upanga wa feleji, mwandikie akupe sahihi ya mwalimu wake.

Vimebaki vitabu, navyo nitavipitia upesi, kwa sababu hakuna kitabu kitakachomwambia mtu kwamba bega lake la kulia limekaza. Hilo husemwa na mwalimu aliyesimama nyuma yake. Hata hivyo, kitabu humkumbusha mtu yale aliyofundishwa jana. Kwa asomaye Kiingereza, kitabu cha Hiroshi Ozawa kuhusu kendo, kilichotolewa mwaka 1997, kina picha nyingi na maelezo ya vyombo vyote tulivyovitaja. Ningeanza na hicho. Kitabu cha zamani zaidi cha Junzo Sasamori na Gordon Warner kilitoka mwaka 1964. Anayependa historia asome kile cha Alexander Bennett cha mwaka 2015, ambacho hakifichi jinsi kendo ilivyotumiwa na watawala wakati wa vita. Shirikisho la Japani nalo limetoa kamusi ndogo ya maneno ya kendo kwa Kijapani na Kiingereza, na kwa mwanafunzi mgeni hiyo huenda ikamfaa kuliko vyote, kwa sababu darasani amri zote ni za Kijapani.

Kitabu mashuhuri kuliko vyote ni Gorin no Sho cha Miyamoto Musashi. Alianza kukiandika mwaka 1643 akiwa mzee, katika pango la Reigando karibu na Kumamoto, akakimaliza mwaka 1645, mwaka aliokufa. Kimegawanywa sehemu tano: ardhi, maji, moto, upepo na utupu. Wafanyabiashara wa siku hizi hukinunua wakitafuta siri za kuwashinda wenzao. Mwanafunzi wa upanga aifungue ile sehemu ya maji. Humo Musashi anaeleza mambo ya kawaida kabisa: jinsi ya kusimama, jinsi ya kutazama, na jinsi ya kushika mpini, kidole cha shahada kikilegea na vidole viwili vya mwisho vikikaza. Jioni hiyo hiyo mwalimu wa kendo atakuwa anamwambia mtoto wa Mama maneno yale yale.

Sasa kazi ya darasa. Kwanza: mwanafunzi wa shule ya sekondari hutumia shinai namba 38. Ni sentimita ngapi? Fuateni njia tuliyoitumia kwa namba 39. Kanuni yake ni sentimita 117. Semeni kama imo ndani ya kanuni, na imebaki nafasi ya kiasi gani. Pili: choreni kisanduku kirefu chenye upana wa vidole vitatu, mfano wa ule mfuko wa kiunoni. Andika jina la darasa lako juu, na jina lako chini yake, kwa herufi kubwa, herufi moja chini ya nyingine. Herufi zikizidi kisanduku, chora kingine uandike tena.

Kwaherini.